Ngoma ya kusafishia buloni: chagua ile inayozunguka polepole

Ndugu mtumikaji, na wewe mama wa nyumba unayesoma ukurasa huu jioni,

Siku ya Jumamosi mchana, pita katika njia za Kanina, za Musonoie au za Luilu. Katika viwanja vingi utaona jambo moja. Baba ametoka kazini, amevua viatu vya usalama, amekaa kwenye kiti kifupi chini ya mwembe. Mbele yake kuna moteri ya pikipiki, au sanduku la gia la gari ya kale, imefunguliwa yote. Pembeni kuna beseni. Ndani ya beseni mna buloni, ekuru, rondela na springi zenye mafuta meusi, na juu yake imemwagwa esansi. Mtoto wa miaka tisa amechuchumaa. Mikono yake imo ndani ya beseni, anasugua buloni moja moja kwa mswaki wa zamani. Hatua nne kutoka hapo, mama amewasha mbabula. Maji ya bukari yanaanza kuchemka.

Baba huyo si mjinga. Kazini havuki kamba nyekundu. Hawezi kushuka shimoni bila kofia na taa. Akiona mwenzake anasogelea mashine inayozunguka akiwa na nguo zinazoning'inia, anapiga kelele. Lakini akifika nyumbani anafanya kama hatari imebaki getini pamoja na kadi yake ya kazi.

Siku hizi mafundi wengi wa Kolwezi wanataka kuacha kusugua kwa mkono. Wanataka ngoma: chombo cha mviringo kinachozungushwa na moteri. Unatia ndani vyuma vidogo pamoja na gololi au vijiwe, unafunga, inazunguka, na baada ya saa kadhaa vyuma vinatoka safi. Wengine wanainunua sokoni, wengine wanaiunda wenyewe. Na kila mmoja anauliza: ni ngoma gani nichague? Ipi inafanya upesi? Ipi inang'arisha zaidi?

Ukurasa huu una maoni yake, na tunayasema wazi. Usichague ngoma kwa sababu ya kung'aa. Chagua ngoma inayozunguka polepole, inayotumia maji, yenye mfuniko na kinga. Chagua ile ambayo hata ikiwaka kiwanjani mwako, mtoto wako hatavuta vumbi wala mvuke. Buloni isiyong'aa sana inafunga vizuri sawasawa na ile inayong'aa. Lakini pafu lililoharibika halina spea.

BESENI LA ESANSI

Kwanza tuangalie kwa nini ni lazima beseni lile liondoke.

Esansi inatoa mvuke unaoweza kuwaka hata kukiwa na baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba hapa kwetu, hata asubuhi ya mwezi wa saba wakati baridi inatuuma sote, beseni la esansi daima limejaa mvuke unaongoja moto. Petroli ya taa inataka joto la digrii 38 hivi au zaidi ili mvuke wake uwake. Mazutu inataka zaidi ya 50. Esansi haitaki chochote, inataka cheche tu.

Jambo la pili ni hili, na watu wengi hawalijui: mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi kama moshi. Unashuka, unatambaa chini kama maji yasiyoonekana, unafuata mteremko wa kiwanja, unaingia mlangoni. Na mbabula ya mama imewekwa wapi? Iko chini, palepale mvuke unapopita. Ndiyo sababu moto wa esansi hauanzi kwenye beseni. Unaanza kwenye makala, halafu unarudi mbio hadi kwenye beseni, na katika beseni imo mikono ya mtoto.

Jambo la tatu halina kelele. Ndani ya esansi mna benzini, dawa inayoingia mwilini kwa njia ya pumzi na kwa njia ya ngozi. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaochunguza kansa wameiweka katika kundi la kwanza, kundi la vitu vinavyojulikana kuleta kansa kwa binadamu. Kansa yake ni ya damu. Shirika la Kazi la Kimataifa liliandika mkataba juu ya benzini mwaka 1971. Mkataba huo unataka kukatazwa kutumia benzini, na vitu vyenye benzini zaidi ya sehemu moja katika mia, kwa kuyeyushia mafuta na uchafu, isipokuwa ndani ya mtambo uliofungwa au kwa njia nyingine yenye usalama sawa. Beseni la wazi chini ya mwembe si mtambo uliofungwa.

Mtu mwingine atasema: "Lakini esansi ya siku hizi haina risasi tena." Ni kweli. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha esansi yenye risasi mwaka 2006, na dunia nzima ikamaliza mwaka 2021. Tunashukuru. Lakini risasi ilitoka, benzini ilibaki.

Kwa hiyo tunakubali ngoma. Ngoma inaweza kuondoa mikono ya mtu katika esansi. Lakini ngoma mbaya inaondoa hatari moja na kuleta nyingine tatu. Hapo ndipo pa kuchagua kwa akili.

NGOMA NI NDUGU MDOGO WA KINU

Wewe unayefanya kazi katika konsantrateri, jambo hili unalijua kuliko muuzaji wa sokoni. Fikiri juu ya vinu vya Kamoto, ambako sehemu ya kwanza ya konsantrateri ilianza kazi mwaka 1968. Kinu ni pipa kubwa la chuma linalolala kwa ubavu. Ndani mna gololi za chuma, mawe na maji. Kinazunguka, gololi zinapanda ukutani, zinaanguka, zinavunja mawe.

Ngoma ya kusafishia buloni ni kitu kilekile, ila ni kidogo, na kusudi lake ni tofauti. Katika kinu tunataka gololi zianguke kwa nguvu, zivunje. Katika ngoma hatutaki kuvunja kitu. Tunataka mzigo uteleze, vyuma vijisugue taratibu juu ya gololi, kama mama anavyosugua sufuria kwa majivu.

Mafundi wa vinu wanajua kwamba kuna kasi ambayo, ukiifikia, mzigo wote unabandika ukutani na kuzunguka pamoja na kinu bila kuanguka. Ni kama ndoo ya maji unayoizungusha kwa mkono: maji hayamwagiki. Kasi hiyo inategemea upana wa chombo. Chukua upana kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha gawanya 42 kwa namba hiyo. Jibu ni mizunguko kwa dakika. Vinu vya mawe kwa kawaida huzunguka karibu na robo tatu ya kasi hiyo. Ngoma ya kusafishia buloni izunguke karibu na nusu tu.

Tumekufanyia hesabu. Ngoma yenye upana wa sentimita 20: mizunguko 47 hivi kwa dakika. Ya sentimita 30: mizunguko 38. Ya sentimita 40: mizunguko 33. Ya sentimita 60: mizunguko 27. Weka alama ya chaki kwenye ngoma, shika saa, hesabu. Kama muuzaji anakuonyesha ngoma ya sentimita 30 inayokimbia mizunguko 75 na kujivuna kwamba ni ya haraka, mwambie kwa heshima kwamba ngoma yake haisafishi kitu: mzigo unakaribia kubandika ukutani. Na kama inakimbia 60, inarusha. Itapiga kelele, itaharibu meno ya buloni, na siku moja itatupa mfuniko.

Haraka haraka haina baraka. Hapa methali hiyo ni hesabu.

YA MAJI, WALA SI KAVU

Mtumikaji wa chini ya ardhi, kumbuka mashine za kutoboa mwamba. Kwa nini zinapitisha maji? Si kwa kupoza chuma tu. Maji yanashika vumbi kabla halijafika puani. Watu waliofanya kazi hiyo kavu zamani walilipa kwa mapafu yao. Ugonjwa huo unaitwa silikosi, na mganga hawezi kulitoa vumbi likishaingia.

Basi, mtu aliyejifunza hayo kazini, kwa nini anunue ngoma kavu na kuijaza mchanga wa mtoni? Mchanga wetu una kwazi nyingi, jiwe lilelile la silikosi. Ngoma kavu inasaga mchanga huo kuwa unga mwembamba ambao jicho halioni. Ukifungua mfuniko, unga unapanda usoni mwako na usoni mwa mtoto aliyekuja kutazama. Mwaka 1997 vumbi la silika liliingizwa katika kundi lilelile la benzini, kundi la vitu vinavyoleta kansa. Ni ajabu kukimbia benzini ili kukumbatia silika.

Kwa hiyo, maji. Tia mzigo, yaani gololi na vyuma pamoja, hadi nusu ya ngoma au zaidi kidogo. Usijaze, maana mzigo hautapata nafasi ya kuteleza. Kwa kila sehemu moja ya vyuma weka sehemu tatu za gololi, ili vyuma visigongane vyenyewe kwa vyenyewe. Mimina maji mpaka yafunike mzigo, ongeza kijiko cha sabuni ya kufulia. Hiyo inatosha.

Kabla ya hapo, ondoa grisi nzito kwa kijiti na kitambaa, halafu osha kwa maji ya moto na sabuni. Kama grisi imekauka sana na huna njia nyingine, tumia mazutu kidogo, nje, mbali na moto wowote, ukiwa umevaa glavu zisizopitisha mafuta. Usitumie esansi. Na ndani ya ngoma usitie esansi, mazutu wala petroli ya taa hata tone moja. Vyuma vinavyogongana vinaweza kutoa cheche, na ngoma iliyofungwa yenye mvuke na cheche ni bomu.

MAWE GANI NDANI?

Hapa Kolwezi tuna hatari ambayo mtu wa mji mwingine hana. Mawe yako kila mahali. Mtoto anaokota jiwe la kijani njiani, kijana analeta mfuko wa mawe meusi kutoka machimboni. Mtu anaona: mawe haya ni magumu, yatasafisha vizuri, tena ni ya bure.

Usifanye hivyo. Jiwe la kijani ni shaba, jeusi mara nyingi lina kobalti. Vumbi la kobalti linaweza kuleta pumu na ugonjwa wa mapafu. Tena baadhi ya mawe ya eneo hili yana uraniamu ndani yake, na kwa macho hutaweza kuyatofautisha. Mabaki ya tanuri nayo usiyatumie. Usisage madini kiwanjani mwako ili kung'arisha buloni.

Tumia gololi ndogo za chuma zilizotoka katika rulema zilizokufa. Kila garaji linazitupa. Ni laini, hazikati meno ya buloni, hazitoi vumbi la mawe. Anayeweza kununua, anunue vipande vya seramiki au vya plastiki vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Vya plastiki ni vizuri kwa aluminiamu na shaba nyeupe, maana havikwaruzi sana.

Na kwa kukausha, mama anayo dawa jikoni. Magunzi ya mahindi yakikauka, yavunjevunje vipande vidogo kama punje, yatie katika ngoma iliyokaushwa pamoja na vyuma vilivyosuuzwa, zungusha nusu saa. Magunzi yanakunywa maji yote. Mafundi wa nchi nyingi wanayatumia hivyo hivyo. Pepeta kwanza unga wake nje, upande wa upepo. Halafu paka vyuma mafuta kidogo, la sivyo kesho vitaota kutu tena.

VISIVYOINGIA KATIKA NGOMA

Andika orodha hii kwenye ubao juu ya ngoma yako.

Viatu vya breki na vumbi lake havingii. Breki za magari ya zamani zinaweza kuwa na asbesto. Breki inafutwa kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kinatiwa katika mfuko na kufungwa. Haipulizwi kwa hewa, hailetwi nyumbani.

Rulema, injekteri na vitundu vidogo vya karbirateri haviingii. Uchafu wa ngoma unajificha ndani yake, na pikipiki itakufa njiani na abiria mgongoni.

Vichwa vya betri na vipande vya risasi haviingii.

Soda kostiki ya kutengenezea sabuni haiingii, wala asidi ya betri. Sikiliza vizuri sababu yake. Aluminiamu na zinki, vyuma vinavyotumika kutengeneza karbirateri nyingi, vikikutana na soda au asidi vinatoa hewa ya haidrojeni. Katika ndoo ya wazi hewa hiyo inaondoka. Katika ngoma iliyofungwa inajazana, inasukuma mfuniko, na siku unapofungua inakurushia usoni maji yanayounguza macho. Anayetaka kuondoa kutu kwenye chuma cha kawaida aloweke katika ndoo ya wazi yenye maji ya limau au siki, avae miwani ya kazi, asuuze vizuri, ndipo atie katika ngoma.

Hata ngoma ya sabuni tu, ifungue polepole, uso wako ukiwa pembeni.

UMEME UKIKATIKA

Mtu wa Kolwezi hahitaji kufundishwa kwamba umeme unakatika. Lakini fikiri: umeme umekatika, ngoma imesimama. Unangoja. Mwishowe unasema, ngoja nitazame vyuma vyangu. Unafungua mfuniko, unaingiza mkono. Wakati huo umeme unarudi.

Kazini jambo hili lina dawa. Mashine kubwa zina kiwashio ambacho kikipoteza umeme kinaanguka chenyewe, na mashine haianzi tena mpaka mtu abonyeze. Ulizia kiwashio cha namna hiyo unaponunua ngoma. Kama ngoma haina, muombe fundi umeme akifunge. Na kama huna uwezo huo leo, basi sheria iwe moja: kabla ya kugusa mfuniko, toa waya ukutani. Ushike mkononi ukitaka, ili ujue kwa hakika haujachomekwa.

Mkanda na magurudumu yake yafunikwe kwa bati au waya wa kusuka, pande zote, hata upande wa nyuma ambao wewe hupiti. Mtoto anapita. Kitenge cha mama kinapita. Mkanda hauchagui.

Ardhi ya umeme iwepo, maana pale pana maji. Waya usilale chini ndani ya matope.

Uzito nao uuangalie. Lita moja ya gololi ndogo za chuma ina kilo nne na nusu hivi. Ngoma ya lita 20 iliyojazwa nusu inabeba kilo 45 kabla hujatia maji. Nani atainyanyua? Mgongo wako uliokwisha choka na kazi ya wiki nzima? Kwa nyumba, ngoma ya lita tano au kumi inatosha. Ngoma yenye pembe sita ni bora kuliko ya duara laini, maana pembe zinashika mzigo na kuugeuza hata kwa mwendo wa polepole. Yenye mpira ndani ni bora zaidi, kwa ajili ya kelele.

Kelele ipime hivi: simama kwa umbali wa mkono mmoja na mwenzako. Kama mnalazimika kupaza sauti ili msikiane, kelele hiyo inaharibu masikio. Mtumikaji wa konsantrateri amekwisha yatoa masikio yake saa nane kazini. Nyumbani yaache yapumzike, yasikie watoto.

NA BAKULI LA KUTIKISIKA?

Wengine wanauliza juu ya mashine ya aina ya pili: bakuli la wazi lililokaa juu ya springi, linalotikisika upesi upesi bila kuzunguka. Ni mashine nzuri. Inamaliza kazi kwa muda mfupi zaidi, inasafisha hata ndani ya matundu, haigongi sana vyuma vyembamba, na unaweza kutazama kazi bila kuisimamisha. Kwa garaji la kampuni lenye vyuma vingi kila siku, tungeichagua hiyo, yenye maji yanayopita na mfuniko juu.

Lakini kwa nyumba, ngoma ya polepole inashinda. Bei yake ni ndogo, fundi wa mtaa anaweza kuitengeneza, na umeme ukikataa inaweza kuzungushwa kwa mkono wa chuma kama mashine ya kusaga ya zamani. Bakuli la kutikisika likitumiwa kavu linatoa vumbi wazi, na springi zake zinataka kushikwa na msingi imara.

"WAZEE WALISUGUA KWA ESANSI"

Tunajua neno ambalo msomaji mmoja atalisema akifika hapa. "Mimi nimesugua kwa esansi miaka thelathini. Mbona niko hai?"

Mzee wetu, tunakuheshimu, na tunafurahi kwamba uko hai. Lakini tukuulize kwa upole: wale mliosugua pamoja, wote wako hai? Mmoja aliyekufa kwa ugonjwa wa damu, nani alihesabu beseni zake? Mikono yako iliyopasuka kila kipindi cha baridi, ulidhani ni baridi tu? Kansa haileti barua ya kusema ilitoka wapi. Ndiyo sababu wataalamu wanahesabu watu wengi kwa miaka mingi, nasi tunasikiliza hesabu yao kuliko bahati ya mtu mmoja.

Na watu husema ajali haina kinga. Ukurasa huu haujakubali neno hilo hata siku moja. Mfuniko ni kinga. Maji ni kinga. Kuhamisha mbabula hatua ishirini ni kinga, tena haina bei.

MAJI MACHAFU, NA NENO KWA WAKUBWA WA KAZI

Maji ya ngoma yana mafuta na unga wa chuma. Usiyamwage karibu na kisima, wala kwenye bustani ya lengalenga, wala katika mfereji unaokwenda mtoni. Mito yetu, Musonoi na Luilu, imekwisha beba mizigo ya kutosha. Acha maji yatulie usiku mzima katika bido. Matope yakishuka, yatenge pamoja na mafuta machafu, uyapeleke kwenye garaji linalokusanya mafuta ya namna hiyo.

Nao wakuu wa magaraji, makubwa na madogo, tunawaambia hivi. Mnaponunua mashine ya kusafishia vyuma, msitazame bei na upesi peke yake. Muiteni kwanza mtu atakayesimama mbele yake. Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataja kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi. Kamati hiyo ipewe nafasi ya kusema kabla ya mashine kununuliwa. Ikiitwa baada ya ajali, itaandika ripoti tu.

Mtumikaji, Jumamosi hii anza na jambo dogo. Mwite mtoto atoe mikono katika beseni, aoshe kwa sabuni, aende kucheza. Mwaga habari ya esansi. Baadaye, fedha ikipatikana, tafuta ngoma yako: ndogo, ya maji, yenye mfuniko na kinga, na izunguke polepole. Iache izunguke mchana kutwa wakati wewe unakula bukari na jamaa yako. Buloni zitangoja.

Mama, wewe ndiwe mlinzi wa usalama nyumbani. Ukinusa esansi kiwanjani, una haki ya kuzima mbabula na kuzima kazi ya baba pamoja nayo. Asikasirike. Kazini, anayesimamisha mashine yenye hatari anasifiwa.